Mwaka wa Bunduki Nyepesi

Mwezi uliopita tuliitwa Voi, sisi tuliowahi kuwa askari wa ranchi moja ya upande wa Kasigau, tuje tule chakula cha mchana na kupigwa picha pamoja na askari wa siku hizi. Ukumbi ulikuwa wa hoteli moja karibu na barabara kuu, wenye feni tatu, moja inazunguka na mbili zinaitazama. Tulipewa wali, kuku wa mchuzi, kachumbari yenye pilipili ya kumtoa mtu kamasi, na hotuba. Baada ya hotuba wakaingia mabinti wa zamu ya sasa, buti zinang'aa, bunduki begani. Nilimwomba mmoja anionyeshe yake. Alitoa risasi zote, akakagua tena kuhakikisha ni tupu, ndipo akanipa. Kitako chake kilikuwa cha plastiki nyeusi, na bunduki yote nyepesi hivi kwamba niliishika kwa mkono mmoja kama mwavuli. "Haina shida hii, mama," aliniambia akijivuna. "Jua, mvua, vumbi, yenyewe inalia tu." Nikamrudishia upesi. Mkono ulikuwa umeanza kutetemeka, na sikutaka mtoto wa watu aone mwanamke anayekaribia hamsini anaogopa plastiki.

Wakesho aliona. Alikuwa ameketi ng'ambo ya meza ileile, fimbo yake ameiegemeza ukutani, anachambua mfupa wa kuku bila haraka. Tangu mwaka ninaotaka kuusimulia, mimi na yeye tumekuwa watu wa kusalimiana kwenye mazishi. Tunaulizana habari za mvua, tunaulizana watoto wako wangapi shuleni, kisha kila mmoja anatafuta mtu mwingine wa kusimama naye. Waliopanga viti siku hiyo hawakujua lolote. Walisoma majina, Mshai hapa, Wakesho pale, wakatuweka uso kwa uso kama wachumba.

Watu wakisikia niliwahi kubeba bunduki wanadhani nilikuwa jasiri. Sikuwa, na sijawahi kuwa. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi tangu utotoni nilikwisha kuchagua kicheko. Niliingia kazi ile nikiwa na miaka ishirini na miwili kwa sababu walitangaza kwamba wanataka wanawake, na kwetu milimani hakukuwa na kazi nyingine iliyokuwa ikitaka mwanamke isipokuwa ile isiyo na mshahara. Tulichukuliwa wanne. Wawili walikuwa wa Kasigau palepale, wameolewa, wanarudi kwao jioni wasipokuwa zamu. Mimi na Wakesho, tuliotoka mbali, tulipewa chumba kimoja kambini. Wakesho alikuwa wa Mwanda, mrefu, mcheshi, ana mtoto mdogo aliyemwacha kwa mama yake, na baba wa mtoto alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi akapata na mke. Mshahara wake ulikuwa ukipanda Mwanda wote mzima. Nalitaja hilo sasa kwa sababu bila hilo mtu hatamwelewa.

Chumba chetu kilikuwa cha mabati juu, mabati pembeni, na sakafu ya simenti iliyokuwa ikitoa vumbi jekundu hata ukiifagia mara ngapi. Mchana kilikuwa hakikaliki. Usiku kilitulia, mabati yakaanza kulia ka, ka, yakipoa, na kila yalipolia mimi niliamka. Ukuta wa nyuma tulishirikiana na ofisi ya Sajenti Mwakesi, mkubwa wetu, mtu wa makamo aliyekuwa na tumbo dogo na huruma kubwa, ingawa huruma hiyo aliificha kwa kufoka. Kwa kuwa mabati hayana siri, tulisikia kila alichozungumza kwenye redio na meneja wa ranchi aliyekaa Voi. Ndivyo tulivyosikia, jioni moja tukila ugali na mchicha wenye mchanga, kwamba wanawake tulikuwa tumewekwa kwa majaribio. "Mpaka mahindi yavunwe," sauti ya meneja ilisema ikikwaruza. "Wakishindwa kubeba, peleka wote geti." Sajenti akajibu, "Sawa, bwana." Wakesho aliacha tonge mkononi. Geti maana yake ni kuinua mti wageni wapite na kuwapikia chai, kibarua cha leo upo kesho haupo. "Nitabeba hata mzinga," aliniambia. "Geti siendi."

Shida haikuwa mioyo yetu, ilikuwa bunduki. Ranchi ilikuwa imekabidhiwa zile za zamani, za kukoki kila risasi, chuma kingi na mbao nzito iliyokolea mafuta ya mikono ya watu waliokwisha kufa. Tulikwenda doria ya kuwazuia ndovu wasiingie mashambani, wawili wawili, kila jozi na bunduki moja. Wa mbele alishika panga na maji, wa nyuma alishika bunduki, na tulibadilishana kila siku. Wanaume walituambia mtazoea. Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi. Baada ya kutwa moja kwenye vichaka vya miiba bega langu lilikuwa na alama nyekundu ya mkanda, mkono umekufa ganzi, na kama ndovu angetokea wakati huo nisingeweza kuinua kitu kile hata hadi kiunoni. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Ndovu mwenyewe nilikuwa namwogopa tayari.

Tulikuwa na kanuni moja ambayo Sajenti alitufundisha jikoni, kwa kutumia mwiko badala ya bunduki. Ndovu akija, wa mbele hakimbii. Anapiga goti palepale alipo, kichwa chini, ili wa nyuma apige risasi hewani juu yake. Mlio ukisikika, ndovu anasita, hapo ndipo wa mbele anainuka na kurudi nyuma. "Ukikimbia kabla ya mlio, unamvuta," alisema, mwiko ukidondosha maji ya ugali. "Na unamziba mwenzako. Mnakufa wote. Mmeelewa?" Tulisema tumeelewa. Wakesho alipiga goti kwenye majivu kuonyesha ameelewa, tukacheka mpaka mpishi akatufukuza. Lakini nilikwenda kulala nikiwaza kwamba maisha ya aliye mbele yote yamo katika mlio mmoja tu, na mlio huo umo mikononi mwangu.

Bunduki yetu ilipata ajali ya kwetu kabisa: mchwa. Iliachwa imeegemea ukuta wa stoo mwisho wa kiangazi, na mchwa wakapanda wakala kitako kwa ndani, wakaacha ganda. Wakesho alipoishika, kidole kilizama. Wengine walidhani Sajenti atalia. Yeye alifurahi. Alikuwa na fikra yake ya siku nyingi, kwamba uzito wote usio na kazi katika bunduki uko kwenye mbao. "Chuma hatugusi," alisema. "Chuma ndiyo inafanya ilie. Lakini hii mbao, nani alisema iwe nene kama paja la mtu?" Aliomba ruhusa Voi, akapewa, kwa sharti kwamba akiharibu asirudi kuomba nyingine. Siku iliyofuata tulipanda naye hadi Wundanyi kwa fundi Mwachia, seremala wa viti vya kanisa, aliyekuwa na jina zuri kuliko maseremala wote wa milima ile.

Naikumbuka karakana ile kuliko ninavyoikumbuka sura ya fundi mwenyewe. Ilikuwa nusu chumba, nusu baraza, imejaa mabenchi yasiyo na miguu. Ukungu ulikuwa ukiingia mlangoni na kutokea dirishani kama mtu wa nyumbani. Mbao zilipangwa darini juu ya meko, nyeusi kwa moshi, na mke wake alikuwa akituandalia kimanga cha muhogo na maharagwe, tukala tumeketi juu ya maranda, tumejifunga shuka kwa baridi. Fundi alitupima mikono na mabega kwa kamba, mimi na Wakesho, kama fundi cherehani. Alisema atatumia mti wa grivelia uliokauka vizuri, mwepesi, na hataukata nene. Sehemu ya mbele chini ya mtutu ataifupisha, kitako atakichimba ndani kiwe na uwazi, na bamba la shaba la mwisho ataliondoa aweke ngozi ya kiatu. "Umekauka kweli?" Sajenti aliuliza. Fundi alishusha ubao mmoja, akaugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia. "Huu umekaa juu ya moto tangu huyu mwanangu mdogo azaliwe," alisema, akimwonyesha binti yake aliyekuwa tayari na meno. Hakudanganya. Kwa Wundanyi, ubao ule ulikuwa mkavu.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza tuliporudi nayo. Tuliijaribu alfajiri chini ya mlima, ukungu umefunika Kasigau mpaka kiunoni, nyasi zimelowa. Sajenti alitoa risasi chache sana, kwa maana risasi zilihesabiwa kama dawa. Nilikoki, nikavuta, ikalia. Wakesho naye, ikalia. Mwangwi ulizunguka mlima ukaturudia, kwale wakaruka, na Sajenti akacheka peke yake kwa muda mrefu. Aliitundika kwenye mizani ya stoo, ile ya kupimia unga, na kutuita sote tuone mshale ulipofika. Tangu siku hiyo ikawa desturi: kila Jumamosi bunduki inapimwa. Na hapa ndipo jambo lenyewe lilipoanza, ingawa tulidhani ni neema. Mvua zilikatika mapema mwaka ule, na kila Jumamosi bunduki ilikuwa nyepesi kuliko Jumamosi iliyopita. Kidogo tu, upana wa unywele kwenye mshale. "Imepungua tena," Sajenti alikuwa akisema, na kumtangazia meneja redioni, na sisi nyuma ya mabati tulisikia meneja akisema basi wanawake hao waendelee. Wakesho alicheza ngoma pale chumbani bila ngoma. Hakuna aliyejiuliza uzito ule ulikuwa ukienda wapi.

Mimi nilianza kulisikia jambo lenyewe mwezi wa Januari. Nilikuwa nyuma, bunduki begani, jua la saa sita linachoma kofia, na katika kila hatua kulikuwa na mlio mdogo, ko, ko, kama jino linalocheza. Nilisimama, nikatoa risasi, nikakoki tupu, nikavuta. Hakuna. Kidole kilikwenda na triga mpaka nyuma kabisa, ikaja laini, haikukamata kitu. Nilirudia. Hakuna. Wakesho alikuwa amesimama mbele yangu anakunywa maji, ananitazama juu ya chupa. Nilimwambia turudi, tukarudi mbio mbio, na tulipofika kambini jua lilikuwa limezama na kijibaridi kimeingia. Sajenti aliichukua, akakoki, akavuta, ta. Akarudia, ta. Wanaume waliokuwa wakila maharagwe waliinamia sahani zao kwa adabu, halafu mmoja akashindwa kujizuia. "Ni joto tu, Mshai. Enda ulale." Wote wakacheka. Sajenti hakucheka, lakini alinirudishia bunduki kama mtu anayemrudishia mtoto mwanasesere aliyekuwa akimlilia.

Kwa wiki kadhaa niliishi na hofu ambayo siwezi kumwelezea mtu asiyewahi kuipata. Asubuhi bunduki ni nzima. Mchana imekufa. Jioni imefufuka. Nilianza kudhani kuna mkono wa mtu, nikaweka kijitabu changu cha sala chini ya kitako usiku. Nilikuwa nashindwa kula. Nikilala naota nimevuta triga na kidole kinaendelea kwenda nyuma, hakifiki mwisho. Aliyegundua dawa ni Wakesho. Mchana mmoja chupa ilimwagikia bunduki kwa bahati mbaya, tukaketi kivulini kuila mihogo yetu, na baada ya muda alipoijaribu, ta. Tulitazamana. Akamimina maji kwenye kitambaa, akakiviringisha kwenye mbao karibu na triga, na tangu siku hiyo hatukutoka bila chupa ya tatu. Ndiyo, tulikuwa tunabeba maji ili tubaki na bunduki nyepesi. Tuliinywesha kila mchana kama mche wa sukumawiki. "Imekunywa?" ninamuuliza. "Imekunywa na imeshiba," anajibu. Alikuwa akinifanya nicheke hata hapo.

Nilimwambia tumwambie Sajenti. Tulikuwa kitandani, kila mmoja kwake, taa imezimwa. "Tukimwambia atairudisha Voi," alisema Wakesho. "Watatupa ile nyingine nzito. Tutashindwa, tutapelekwa geti. Wacha mahindi yavunwe kwanza, Mshai. Yamebaki kidogo." Nikasema je, ikikataa siku yenyewe? Alijigeuza kitandani. "Haitakataa. Tutainywesha." Nikamwambia mimi nitasema, na kweli asubuhi nilikwenda nikasema, nikamwonyesha Sajenti kitambaa na chupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakoki, akavuta. Ilikuwa asubuhi. Ikalia. "Mwanangu," aliniambia kwa upole ulioniumiza kuliko kufoka, "hii kazi ina watu wake. Si aibu kuogopa. Nikuandikie geti?" Nilimwona Wakesho amesimama mlangoni nyuma yake, macho yananiomba. Nikasema hapana, afande, nitakwenda doria.

Siku yenyewe nilikuwa nyuma, na nilikuwa mgonjwa. Nadhani ilikuwa malaria inaanza, maana tangu asubuhi viungo vilikuwa vinavunjika, na ilipofika mchana nilitapika, nikaona giza, Wakesho akanilaza chini ya mti wa miiba na kuninywesha maji. Nilipofumbua macho alikuwa ameketi na bunduki mapajani. Nilimuuliza kwa mazoea, imekunywa? Akasema imekunywa. Nikataka kuijaribu tupu kama kawaida, akasema ameshaijaribu, twende, jua linashuka na watu wa mashambani wameshaanza kupiga madebe. Kweli tulikuwa tunasikia madebe. Kundi la ndovu lilikuwa limetoka upande wa reli, na mahindi yalikuwa yamekauka, tayari kuvunwa.

Njia ya kuelekea shamba lile inapita kati ya ua wa miiba na korongo. Ni nyembamba, wawili hawapishani. Wakesho alikuwa mbele, labda kama urefu wa ukumbi ule tulimokula kuku. Tulipopinda tu, jike mmoja alikuwa njiani, na mtoto wake nyuma yake. Hakupiga kelele. Ndovu anayepiga kelele ana nafuu, anakuonya. Huyu alitandaza masikio, akayarudisha, akaja. Wakesho alipiga goti. Naiona mpaka sasa, shati lake limelowa jasho mgongoni, kichwa ameinamisha, mikono juu ya paja, ametulia kama mtu anayepokea komunyo. Niliinua bunduki. Ilipanda yenyewe, nyepesi kabisa. Nikavuta. Kidole kilikwenda mpaka nyuma. Nikakoki tena, risasi nzima ikaruka vumbini, nikavuta. Hakuna. Nikakoki, nikavuta. Nilipiga mayowe, nadhani nilimwambia akimbie, na hakukimbia. Hakuinua hata kichwa. Nilisema moyoni anasubiri mlio, maskini, anasubiri mlio wangu.

Ndovu hakumuua. Alimpiga kwa pembeni, akamtupa kwenye ua wa miiba, akakanyaga mguu, kisha wenye shamba wakaja na madebe na moto wa mabua, na jike akamgeukia mtoto wake, wakaondoka. Mimi nilikuwa bado nakoki. Mkulima mmoja ndiye aliyenifungua vidole kutoka kwenye ile bunduki, kimoja kimoja.

Hospitalini Voi, Sajenti alikuja asubuhi, kofia mkononi, akasimama kati ya kitanda cha Wakesho na kiti changu. Aliuliza swali moja tu. "Ililia?" Wakesho, midomo mikavu, mguu umefungwa mpaka nyongani, alisema, "Ililia, afande. Niliisikia. Ndovu mwenyewe ndiye hakujali." Halafu akanigeuzia macho. Nilijua anataka nini. Mahindi yalikuwa bado hayajavunwa. Mguu wake ungepona au usingepona, lakini nafasi ingebaki, ya kwake au ya wenzetu wawili wa Kasigau waliokuwa wanasubiri. Na Sajenti, kwa kufarijika, akasema basi kesho atawapa hao wawili ile bunduki waendelee na zamu. Nikamwona akilini mmoja wao amepiga goti kati ya ua na korongo. Nikasema, "Haikulia, afande. Nilivuta mara tatu." Wakesho aligeuza uso ukutani. Sikuuona tena kwa muda mrefu sana.

Fundi wa bunduki wa Voi aliifungua mbele yetu kwenye meza yake, mchana, akatuonyesha. Triga imeshikiliwa na chuma cha chini, sehemu inayokamatwa na triga imeshikiliwa na chuma cha juu, na katikati ni mbao. Mbao ikisinyaa kwa jua la mchana, vyuma vile vinapeana nafasi, na triga inavuta hewa; ikifura kwa baridi ya usiku au kwa maji, vinashikana tena. Uzito tuliokuwa tunaushangilia kila Jumamosi ulikuwa ni maji ya Wundanyi yakitoka kwenye mbao. Na Voi nzima inalijua jambo hili. Hakuna asiyejua kwamba mlango uliotengenezwa milimani ukiuleta huku chini, baada ya mwezi unamwona jirani yako katikati ya mbao. Watu wanawatania wauza milango kwa hilo kila siku. Ila hakuna hata mmoja wetu, Sajenti, fundi Mwachia, mimi niliyezaliwa kule juu, aliyewahi kufikiri kwamba bunduki nayo ni mbao iliyotoka milimani. Sajenti aliketi kwenye kreti ya soda, akalia waziwazi. Meneja hakulia. Wanawake sote tuliandikiwa geti, na Wakesho, ambaye asingeweza kusimama hata getini, aliandikiwa kwenda nyumbani.

Kwa miaka yote hii nimebeba picha moja: mgongo ule uliolowa, umetulia, unaniamini. Nimeolewa nayo, nimezaa nayo. Nimekuwa nikijiambia hakuna mtu atakayewahi kuniamini tena kiasi kile, na angalia nilivyomlipa, kwanza kwa bunduki bubu, halafu kwa ulimi wangu hospitalini. Siku ile ya kuku na hotuba, mabinti walipokwenda kupigwa picha nje, tulibaki wawili mezani. Wakesho alifuta vidole vyake kwa karatasi, kimoja kimoja, akasema bila kunitazama, "Ulitetemeka."

"Nilitetemeka," nilisema. "Wakesho, mimi niliivuta. Nataka ujue. Niliivuta mara tatu na wewe ulikuwa unasubiri."

"Nilikuwa nasubiri nini?"

"Mlio."

Hapo akanitazama. Amezeeka vizuri, macho ni yaleyale. "Hakukuwa na mlio wa kusubiri," alisema. "Maji yalikuwa yamebaki ya chupa moja. Ulikuwa unatapika, umekuwa baridi, nikadhani unakufa. Nikakupa wewe."

Sikuelewa mara moja. Nilisema, "Uliniambia imekunywa."

"Ningekuambia haijanywa ungekubali kutoka pale chini ya mti? Na kule watu wanapiga madebe, na meneja anangoja kusikia wanawake wamelala. Niliijaribu ukiwa umelala. Haikushika kitu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na bado ukapiga goti."

Nje mpiga picha alikuwa akiwaambia mabinti wasogee, wasogee tena kidogo. Wakesho aliichukua fimbo yake ukutani, akailaza mapajani. "Njia ilikuwa moja, Mshai," alisema. "Ningekimbia, ningekimbilia kwako."